Punje zinazobaki shambani: Namna ya kupima na kupunguza hasara ya kombaini katika mpunga wa Kilombero

MAVUNO ya mpunga katika bonde la Kilombero hushika kasi kuanzia Mei hadi Julai, mvua za masika zinapopungua na maji kuanza kuondoka mbugani. Katika majuma hayo machache bei ya mpunga Ifakara hushuka, magari hupanga foleni kwenye mashine za kukoboa, na kila mwenye mtaji mdogo hutafuta pa kuuweka. Wapo wanaonunua mpunga ukiwa bado shambani, wapo wanaomkopesha mkulima gharama za kuvuna kwa makubaliano ya kulipwa magunia, na wapo wanaochangia fedha kununua kombaini ya kukodisha.

Wote hao wana jambo moja linalowahusu ambalo wengi hawalipimi: kiasi cha mpunga kinachoanguka chini mashine inapopita. Mkulima huona gunia zilizojaa na kufurahi kwamba kazi ya wiki mbili imekwisha kwa saa chache. Zilizobaki chini ya mabua hakuna anayezihesabu. Somo la wiki hii linaeleza namna ya kuzihesabu, namna ya kurekebisha mashine, na lini marekebisho hayo yanalipa.

Kombaini si ngeni Kilombero

Kilimo cha mashine katika bonde hili kina historia. Shamba la Mngeta, lenye zaidi ya hekta 5,000, lilianzishwa miaka ya 1980 kwa ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini. Mwaka 2008 lilichukuliwa na kampuni ya Kilombero Plantations Limited kwa ubia na RUBADA, iliyokuwa mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji. Katika shamba pana la namna hiyo kombaini ni zana ya lazima.

Kilichobadilika katika miaka ya karibuni ni kwamba mashine ndogo zenye minyororo ya mpira, zenye upana wa kukata wa mita 2 hivi, zimeingia katika mashamba ya ekari 3 au 5. Mashine hizi hazizami kirahisi katika udongo mzito, nazo huhamishwa kwa lori kutoka kijiji hadi kijiji. Tangu Daraja la Magufuli juu ya mto Kilombero lizinduliwe mwaka 2018, kuvusha mtambo kati ya Ifakara na upande wa Ulanga hakutegemei tena kivuko.

Lakini mashine hiyo hiyo inayovuna leo mpunga mfupi wa Saro kesho huingia katika Supa iliyolala, na keshokutwa katika shamba la mahindi. Ikiendeshwa kwa mpangilio mmoja kote huko, lazima imwage.

Hesabu ya mita moja ya mraba

Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu. Punje 1,000 za mpunga zilizojaa vizuri huwa na uzito wa gramu 25 hadi 30, kulingana na mbegu. Somo hili linatumia gramu 27. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kwa hiyo punje 100 zilizoanguka katika kila mita moja ya mraba ni sawa na kilo 11 kwa ekari. Kwa lugha rahisi zaidi, kila punje 9 kwa mita ya mraba ni kilo moja ya ekari nzima.

Kwa mahindi hesabu ni kali zaidi kwa kuwa punje moja ya mahindi ina uzito wa karibu mara kumi ya punje ya mpunga. Punje 10 tu za mahindi katika mita ya mraba ni kilo 12 hivi kwa ekari, na kila gunzi lenye punje linaloachwa chini ni hasara ya peke yake.

Kosa la kawaida ni kuchota punje pale mabua yanapoangukia tu. Mashine hukata mita 2 lakini hutupa takataka zake katika mstari mwembamba, hivyo hapo patakuwa na punje nyingi mno na pembeni zitakuwa chache. Dawa yake ni kutengeneza fremu ya mbao au kamba yenye urefu sawa na upana wa kukata. Kwa mashine ya mita 2, fremu ya mita 2 kwa nusu mita ina mita moja ya mraba kamili. Ilazwe kukingama njia ya mashine, mabua yakung'utwe na kuondolewa, kisha zihesabiwe punje zilizojaa. Mapepe hayahesabiwi. Punje zilizobaki kwenye masuke nazo zihesabiwe.

Kipimo kichukuliwe sehemu tatu:

1. Katika mpunga ambao haujakatwa. Punje zilizo chini hapo zimeangushwa na ndege, upepo au kuchelewa kuvuna. Hizo si deni la mashine.

2. Mbele ya mashine. Mashine isimamishwe ghafla katikati ya kazi, irudishwe nyuma mita chache, na fremu ilazwe pale ambapo mpunga umekatwa lakini mabua hayajatupwa. Ukitoa punje za kipimo cha kwanza, zinazobaki zimemwagwa na sehemu ya kukatia.

3. Nyuma ya mashine. Ukitoa punje za vipimo viwili vya mwanzo, zinazobaki zimetupwa na sehemu ya kupuria na kupepeta.

Kila kipimo kirudiwe mara tatu katika sehemu tofauti za shamba na kutafutwa wastani. Kazi yote haizidi nusu saa.

Mashine inamwaga wapi

Umuhimu wa vipimo vitatu ni kwamba kila kimoja kinaonyesha mahali pa kurekebisha. Anayehesabu nyuma ya mashine peke yake hataweza kumwambia opereta agusе nini.

Hasara ya mbele mara nyingi hutokana na bawa linalozunguka na kuvuta mpunga kwenye visu. Likizunguka kwa kasi mno huyapiga masuke na kupukutisha punje kabla hazijaingia ndani. Likizunguka polepole mno mpunga huangukia mbele ya visu. Kanuni ya kufuata ni bawa kwenda kasi kidogo kuliko mwendo wa mashine, isizidi robo moja zaidi, na vidole vyake viguse chini kidogo ya masuke, si kuyapiga juu. Visu butu navyo hutikisa mabua badala ya kuyakata, na kila mtikiso ni punje chini.

Hasara ya nyuma ina vyanzo viwili vinavyotofautishwa kwa macho. Kama punje zimeng'ang'ania masuke, dramu haijapura vya kutosha: inazunguka polepole, au nafasi kati ya meno yake na wavu ulio chini ni kubwa. Kama punje ni huru na zimejaa, dramu imefanya kazi yake lakini feni inazipeperusha nje, au chekeche limefungwa mno, au mashine inakwenda kasi hadi mabua yamejaa ndani na punje hazipati nafasi ya kudondoka.

Tangi la nafaka nalo lina habari zake. Punje zilizovunjika au kumenyeka maganda ni dalili ya dramu kwenda kasi mno au nafasi kubana. Vipande vya masuke visivyopurwa ni dalili ya kinyume chake. Mapepe na makapi mengi ni dalili ya feni dhaifu. Mfanyabiashara anayesimama kando ya tangi na kuchota kiganja kimoja anaweza kujua mengi kabla ya kutaja bei.

Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, yenye makao yake Ufilipino, inapendekeza kwa dramu za meno kwamba ncha za meno zisafiri mita 12 hadi 16 kwa sekunde, na nafasi kati ya meno na wavu iwe milimita 25 hivi. Kitabu cha kila mashine hueleza mizunguko inayoleta kasi hiyo. Hapo ndipo pa kuanzia, kisha hali ya mpunga wa siku hiyo ndiyo itakayoamua.

Kanuni mbili zinazovunjwa sana

Ya kwanza ni injini. Kwa kuwa dramu, feni na chekeche vyote huendeshwa na injini moja, opereta anayepunguza mafuta ili abane dizeli hupunguza kasi ya vyote kwa pamoja. Mashine huonekana inakwenda taratibu na kwa uangalifu, kumbe ndani haipuri wala haipepeti. Injini inapaswa kubaki katika mizunguko yake kamili ya kazi, na mwendo upunguzwe kwa gia au mkono wa mwendo peke yake.

Ya pili ni kurekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayepunguza feni, kufungua chekeche na kuongeza kasi ya dramu kwa mkupuo hatajua ni kipi kilichosaidia na ni kipi kilichoharibu. Arekebishe kimoja, avune mita 20 au 30, ahesabu tena.

Saa na unyevu

Mpunga hufaa kuvunwa wakati punje nne katika kila tano za suke zimegeuka rangi ya dhahabu na unyevu wake uko kati ya asilimia 20 na 25. Ukivunwa mapema zaidi, punje za kijani huwa nyingi. Ukicheleweshwa, hupukutika kwa kuguswa tu, na punje zinazokaushwa na jua mchana kisha kuloweshwa na umande usiku hupata nyufa ndani ya ganda. Nyufa hizo hazionekani shambani. Huonekana kwenye mashine ya kukoboa, pale mchele mzima unapogeuka chenga.

Bonde la Kilombero lina umande mzito asubuhi. Mabua yenye maji huzunguka ndani ya dramu bila kuachia punje, na makapi hugandamana kwenye chekeche. Ni busara kusubiri hadi saa nne au saa tano. Kufika saa tisa alasiri mabua yamekauka, punje huachia kirahisi, na dramu iliyofaa asubuhi sasa inavunja. Opereta mzuri hurekebisha angalau mara mbili kwa siku. Anayedai mashine yake "imesetiwa kiwandani" hajui kazi, au hataki kuifanya.

Mbegu nazo zinatofautiana. Saro, ijulikanayo pia kama TXD 306, ni fupi na husimama vizuri. Supa na mbegu nyingine ndefu za kienyeji huinama na kulala, hasa baada ya mvua ya mwisho. Kwa mpunga mrefu uliosimama, ikatwe juu kidogo ili mabua yasijaze mashine. Kwa mpunga uliolala, bawa lishushwe na kusogezwa mbele, mwendo upunguzwe, na mashine iingie ikikabili upande ambao masuke yameelekea, si kuufuata. Kituo cha utafiti cha TARI Ifakara, kilichojulikana zamani kama KATRIN, kipo jirani kwa wanaotaka ushauri wa mbegu.

Lini marekebisho yanalipa

Hapa ndipo biashara ilipo. Mfano ufuatao ni wa hesabu tu, na kila msomaji aweke bei za siku yake. Shamba lina ekari 10, mavuno ni kilo 1,800 kwa ekari, mpunga ni shilingi 1,000 kwa kilo, na ada ya kuvuna ni shilingi 100,000 kwa ekari. Mashine inavuna ekari 8 kwa siku.

Kipimo cha kwanza kinaonyesha punje 80 zilizoanguka zenyewe, punje 170 zilizomwagwa mbele, na punje 250 nyuma. Hasara ya mashine ni punje 420, yaani kilo 46 kwa ekari, au asilimia 2.5 ya mavuno. Kasi ya bawa inapunguzwa na feni inafungwa kidogo. Kipimo cha pili kinaonyesha punje 100 mbele na 110 nyuma, jumla 210, sawa na kilo 23 kwa ekari. Shamba zima limeokoa kilo 230, shilingi 230,000, bila kupoteza muda wa kazi isipokuwa ule wa kuhesabu.

Je, mwendo nao upunguzwe? Tuseme ukipunguzwa hadi ekari 6 kwa siku, punje nyingine 60 zinaokolewa, ambazo ni kilo 6.6 kwa ekari. Kwa ekari 6 hizo ni kilo 40, au shilingi 40,000 kwa siku. Mwenye mashine, kwa upande wake, anapoteza ada ya ekari 2, shilingi 200,000. Kupunguza mwendo hapa hakulipi, na mkulima anayelazimisha anamtia mwenzake hasara kubwa kuliko faida anayopata.

Lakini shamba likiwa limelala, hesabu inageuka. Kama kupunguza mwendo kunaokoa punje 400 kwa mita ya mraba, hizo ni kilo 44 kwa ekari, kilo 262 kwa ekari 6, shilingi 262,000. Sasa faida imezidi ada iliyopotea. Mkulima anaweza kumwongezea mwenye mashine malipo ya ekari na bado akabaki na ziada.

Funzo ni kwamba marekebisho ya bawa, dramu, feni na chekeche hayapunguzi ekari za siku, hivyo yafanywe daima na yafanywe kwanza. Mwendo una bei yake, hivyo upunguzwe pale tu kipimo kinapoonyesha kwamba unalipa.

Ada ya ekari huzaa haraka

Malipo ya kuvuna kwa ekari humfanya mwenye mashine apate faida kwa kumaliza upesi, wakati hasara ya punje ni ya mkulima au ya aliyemkopesha. Malipo kwa gunia humpa opereta sababu ya kutunza punje, lakini huweza kumfanya afungue chekeche mno hadi tangi lijae makapi. Kila utaratibu una udhaifu wake, na kipimo cha fremu ndicho kinachoweza kuusawazisha.

Njia nyepesi ni kukubaliana kabla mashine haijashuka kwenye lori: ada ya ekari ni kiasi fulani, hasara ya mashine katika mpunga uliosimama isizidi idadi fulani ya punje kwa mita ya mraba, na ikizidi opereta asimame arekebishe. Kwa shamba la kilo 1,800 kwa ekari, punje 330 ni asilimia 2 na punje 500 ni asilimia 3. Mpunga uliolala uwe na makubaliano yake na ada yake.

Kwa wanaonunua mpunga kutoka kwenye tangi

Mpunga wa kombaini hutoka ukiwa na maji. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 22 zikikaushwa hadi asilimia 14, kiwango salama cha kuhifadhi, zinabaki kilo 90.7. Kama mpunga mkavu ni shilingi 1,000 kwa kilo, huo wa tangini hauzidi shilingi 907, na bado gharama ya turubai na vibarua wa kuanika haijatolewa. Anayenunua kwa gunia la lumbesa bila mizani wala kipima unyevu hajui amelipia nini.

Mpunga huo usilale kwenye magunia. Ukirundikwa ukiwa mbichi hupata joto, na mchele wake huwa na rangi ya njano na harufu. Mashine ya ekari 8 kwa siku, kwa mavuno ya mfano huu, hutoa zaidi ya tani 14 zinazohitaji kuanikwa siku hiyo hiyo. Mwekezaji anayenunua kombaini bila kufikiria sehemu ya kuanikia amehamisha tatizo kutoka shambani kwenda uani.

Jambo la mwisho kwa mnunuzi ni usafi wa mashine. Kombaini iliyotoka kwenye Saro ikaingia kwenye Supa bila kusafishwa huchanganya mbegu, na wanunuzi wa Dar es Salaam wanaolipia harufu na urefu wa Supa hutambua mchanganyiko upesi. Tangi na mapitio yake yafunguliwe na kufagiwa kabla ya kuhamia shamba jingine. Gunia la kwanza la shamba jipya litengwe.

Kwa ufupi

Kabla ya mashine kuanza: visu vikaguliwe, tangi lisafishwe, ada na kiwango cha hasara vikubaliwe, na pembe za majaruba ambazo mashine haifiki zikatwe kwa mundu.

Baada ya mita 50 za kwanza: mashine isimame, vipimo vitatu vichukuliwe, kirekebishwe kitu kimoja, ihesabiwe tena.

Alasiri jua likiwa kali: kiganja cha tangi kikaguliwe, kasi ya dramu iangaliwe upya.

Jioni: mpunga uwe umeanikwa, na kilo zilizopimwa kwa mizani ziandikwe pamoja na idadi ya punje za fremu. Daftari la msimu mmoja la namna hiyo ndilo litakalomwonyesha mwenye mtaji ni mashine ipi, na ni opereta yupi, wa kumkodi mwakani.